Mkebe wa Tiketi Zisizokwenda Nyumbani

Wenzangu mliobaki ofisini mliniomba niwaandikie machache ya kuwafaa kabla sijasahau. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, na mshahara wangu haukunifaa hata mimi, kwa hiyo hayo nayaruka. Nitawaandikia habari za mkebe mmoja wa biskuti. Kila ninapowasikia mkisema kazi ya bahati nasibu ni kazi ya namba, natamani kuwafinya masikio.

Niliajiriwa mwaka wa tatu baada ya uhuru, msichana wa Mosocho mwenye cheti cha shule na viatu vya kuazima. Ofisi yetu mjini Kisii ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ndani kulikuwa na meza mbili, benchi la wateja, na sefu ambayo mlango wake haukufunguka mpaka upigwe teke. Siku yangu ya kwanza aliingia mama mmoja na kuku kwapani, akidhani ni mahali pa kulipia kodi. Nilitaka kumcheka, lakini hata mimi nilikuwa sijaelewa vizuri tunachouza.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mrefu na mkimya, aliyevaa tai hata siku za matope. Asubuhi hiyo alinipa kitabu cha tiketi, rula, muhuri na kidau cha wino. Akanifundisha kukata tiketi kwa rula, si kwa kurarua kwa mkono. Akanifundisha kupiga muhuri katikati, nusu ibaki kitabuni na nusu iende na mteja, ili siku ya ubishi nusu mbili zikutanishwe. Kisha akainua kidole.

"Kemunto, sikiliza vizuri. Tiketi haina jina. Aliye nayo mkononi ndiye mwenyewe. Kwa hiyo usimshikie mtu tiketi yake hata dakika moja."

"Ndiyo, Bwana."

Amri hiyo niliishika kwa miezi minne.

Mjue jinsi watu walivyokuwa. Serikali ilisema faida ya bahati nasibu itajenga wodi za hospitali, na machifu wakalitangaza hilo kwenye mabaraza. Lakini makanisa, hasa ya Wasabato, yalisema kamari ni kamari hata ikipigwa muhuri wa serikali. Basi watu wetu wakapata njia ya katikati. Walinunua tiketi, kisha wakakataa kwenda nayo nyumbani. Mtu akiwa hana tiketi mfukoni, waliona, hawezi kuitwa mcheza kamari. Ametoa mchango tu, na karatasi imebaki huko kwa wenyewe.

Wa kwanza kuniachia alikuwa Mama Bosibori, mkulima wa chai kutoka upande wa Nyamira, mwanamke mwembamba aliyeongea akiangalia mlango. Alilipa, nikamkatia tiketi, akairudisha mezani.

"Kaa nayo, mwanangu. Hiyo kitu haiwezi kulala kwangu. Omogaka wangu, baba wa watoto, ni mzee wa kanisa."

"Nitajuaje ni yako, mama? Hatuandiki jina."

Alifikiri, akaomba kalamu, akaigeuza tiketi na kuchora birika nyuma yake. Lilikuwa na mdomo, kifuniko, na mkono uliozungushiwa waya mara tatu. Akaniambia tiketi ikishinda atanunua tangi la maji na mabati ya kulikingia mvua, kwa sababu magoti yake yamechoka na kile kilima cha mtoni. Aliyasema hayo haraka, akatoka bila kuaga.

Nilimwonea huruma, nikaitia tiketi ndani ya mkebe mtupu wa biskuti. Wiki iliyofuata aliniletea mwenzake, na huyo naye akaleta shemeji yake. Makori, mchuuzi wetu aliyezunguka na gari la kipaza sauti kwenye masoko ya Ogembo na Masimba, naye alianza kuniletea tiketi za kuachwa, hata hakukumbuka sura za walioziacha. Kila moja ilikuwa na alama nyuma: jembe, kuku, mguu wa mtoto, ndizi tatu. Mwaka ulipogeuka mkebe ulikuwa umejaa, na mimi nilikuwa nimeuficha nyuma ya makaratasi chini ya meza yangu mwenyewe, mita mbili kutoka kwa mtu aliyenikataza. Kila Bwana Wekesa alipovuta kiti niliusukuma kwa mguu ndani zaidi. Lakini sikuacha, kwa sababu mauzo yalikuwa mazuri na watu walinishukuru, na kushukuriwa ni kutamu.

Droo ilichezeshwa Nairobi siku ya Jumamosi, tiketi isiyoshinda ikiingia tena kwenye droo iliyofuata, na namba zikasomwa redioni saa saba mchana. Mnaona wenyewe shida iko wapi. Saa hiyo wateja wangu wa mkebe walikuwa kanisani, na wasingegusa redio mpaka jua lizame. Mimi Mkatoliki ndiye niliyewasikilizia. Jumamosi moja nilikuwa nimesimama kwa fundi cherehani wa jirani, karatasi mkononi, mtangazaji aliposoma namba ya zawadi ya tatu. Niliijua mwanzo wake, maana ilikuwa ya kitabu changu. Nilirudi ofisini, nikajifungia, nikamimina mkebe mezani. Ilikuwa tiketi ya birika.

Nitasema kweli, kwa kuwa mmeniomba. Jambo la kwanza lililonijia si furaha ya Mama Bosibori. Niliiona tiketi mkononi mwangu, nikalisikia neno la Bwana Wekesa kwamba aliye nayo ndiye mwenyewe. Zawadi ile ingenunua shamba. Nilikuwa bado na viatu vilevile vya kuazima.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Makori, naye alikuwa na redio.

"Ni ya mkebe?" aliuliza, na kabla sijajibu alishaona uso wangu. Akakaa juu ya meza. "Sasa skia, Kemunto. Hao watu hawawezi kuja kudai. Wakija, kanisa inawatupa nje. Mimi na wewe tugawe nusu nusu, hiyo maneno iishe."

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani? Birika?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Nilimwambia mwenyewe nitamtafuta kesho yake.

Nilifika Nyamira Jumapili asubuhi, tiketi ikiwa imeshonewa ndani ya ukosi wa gauni. Kwa Mama Bosibori palikuwa boma safi, migomba nyuma, chai mpaka ukingo wa barabara. Mumewe, Mzee Nyabuto, alikuwa uani akinoa panga. Alikuwa mtu wa mabega mapana na sauti ya mimbari. Alinikaribisha kwa heshima, wakaniletea maziwa ya moto, maana wazee wakali wa kanisa lao hulima chai bila kuionja. Maziwa yalimiminwa kutoka kwenye birika la bati lenye mkono uliofungwa waya. Nilikaribia kuangusha kikombe.

Mzee alinitazama sana, kisha akaweka panga chini.

"Wewe nimekuona. Si ndio yule wa bahati nasibu kule Kisii? Unafuata nani hapa kwangu?"

Nilimtazama Mama. Mama akatazama birika.

"Simjui huyu," alisema.

Sikuwahi kuona mtu akikanwa waziwazi namna ile, na mtu mwenyewe nikawa mimi. Nilisema nimepotea njia, nikaaga. Mama alinisindikiza hadi kwenye ua, hatua moja nyuma yangu, na hapo nikamnong'oneza kwamba birika limeshinda. Alishika mti wa ua kwa mikono yote miwili.

"Basi litupe," alisema.

"Mama, ni tangi lako!"

"Yaya, hapana. Wiki jana Omogaka amehubiri juu ya hii mambo, kanisa yote ikalia. Nikienda kuchukua, yeye ndiye anaaibika, si mimi. Atanyang'anywa kiti. Litupe, mwanangu, na usirudi hapa." Machozi yalikuwa yanamtoka akiongea, na hakuyafuta, ili mumewe aliyekuwa nyuma yetu asione mkono ukienda usoni.

Jumatatu Makori alinisubiri mlangoni. Alisema amefikiri, na bei imepanda. Nikikataa kugawa naye, atamwambia Bwana Wekesa habari za mkebe, nami nitafukuzwa siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekesha na jambo hilo, kwa hiyo nilimpita, nikaingia, nikauweka mkebe mbele ya Bwana Wekesa na tiketi juu yake. Nilimweleza yote isipokuwa jina la mwenye birika.

Hakupaza sauti. Alifunika kidau cha wino, polepole, kama mtu anayefunika chakula.

"Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Nisishike ya mtu hata dakika moja."

"Na umeshika mwaka mzima."

Sheria ilitoa siku ishirini na moja za kudai zawadi, mpaka saa kumi alasiri ya siku ya mwisho. Bwana Wekesa aliifungia tiketi kwenye sefu. Akabandika tangazo mlangoni, kwamba kati ya tiketi zilizoachwa ofisini moja imeshinda, na mwenyewe aje aichore alama yake. Kisha akaketi akapiga barua kwa taipureta na kunionyesha. Ilisema kwamba karani Kemunto amevunja kanuni, zawadi imekosa mwenyewe na inarudi serikalini, na karani aachishwe kazi. Iliandikwa tarehe ya siku ya ishirini na moja.

"Akija mwenyewe, sina haja ya barua," alisema. "Asipokuja, nitaipeleka posta mimi mwenyewe."

Tangazo lile lilituletea Gusii nzima. Watu ambao hawajawahi kununua tiketi walikuja kuchora. Tulipata ng'ombe wengi, baiskeli, ndege, na kijana mmoja wa Masimba alichora gari la Bwana Wekesa lenyewe, na namba zake. Wenye mkebe wa kweli walikuja pia, wachache, wamevaa kofia mpaka puani, na kila mmoja nilipomrudishia tiketi yake isiyoshinda aliipokea kana kwamba nimempa kaa la moto. Wa birika hakuja. Nilimpelekea ujumbe mara mbili kupitia wanawake wa soko, na mara mbili jibu likawa kwamba ujumbe huo si wake.

Siku ya ishirini na moja, kuhesabu na ile Jumamosi ya droo, ilikuwa Ijumaa, siku ya soko. Barua ilikuwa mezani, ndani ya bahasha yenye stempu, na Makori alikuwa amekaa kizingitini akichonga kijiti, ili awepo nitakapotolewa. Saa nane na nusu alipita juu ya miguu yake mtu wa mabega mapana, amevaa koti la kanisani, kofia mkononi. Alikuwa Mzee Nyabuto.

Nilidhani amekuja kupiga watu. Alisimama mbele ya meza yangu, na ile sauti ya mimbari ikatoka ndogo.

"Nimekuja kuchora."

Nilimpa karatasi. Aliinama, akachora jembe, la mpini mrefu, na ncha moja imelika. Nilijua hilo si birika, nikadhani mke amemwambia nusu ya habari, na yeye anabahatisha kama wale wa ng'ombe. Nilikasirika, nasema wazi. Mtu anayewaliza wengine kanisani, kisha anakuja kudanganya mbele yangu! Ndipo nikakumbuka. Nilifungua mkebe, nikapekua hadi chini, na jembe lilikuwepo, mpini mrefu na ncha iliyolika, moja ya zile za Makori za Masimba.

"Hii ni yako, mzee?"

"Ni yangu. Nilinunua kwa lile gari, Masimba, pahali hakuna mtu ananijua. Kisha nikarudi nyumbani nikahubiri." Aliweka kofia mezani. "Siku ishirini sijalala. Nimeona heri niseme, wanitoe kiti, lakini ile zawadi isipotee. Mama yao amechoka na mto."

Bwana Wekesa aliacha kuandika. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro kumi.

Nikawa mahali ambapo hakuna kitabu cha kanuni kinachofika. Mzee alikuwa amejivua nguo mbele yetu kwa tiketi isiyoshinda. Mkewe alikuwa akiitupa tiketi iliyoshinda ili yeye asivuliwe. Na mimi peke yangu ndiye niliyewajua wote wawili, nikiwa nimeapa kutotaja siri ya mteja. Nilisema, "Mzee, pole sana. Jembe lako halikushinda."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Akachukua kofia.

"Iliyoshinda ni hii," nikasema, na nikachora mwenyewe kwenye karatasi yake, kando ya jembe: mdomo, kifuniko, mkono, na waya mara tatu.

Nilivunja siri. Ningekuwa mkaguzi wangu mwenyewe ningejifukuza. Mzee Nyabuto aliivuta karatasi karibu. Aliweka kidole juu ya mkono wa birika, akahesabu mizunguko kwa kunong'ona, mmoja, miwili, mitatu.

"Huo waya," alisema, "niliufunga mimi."

Kisha akageuka. Alimruka Makori pale kizingitini, na kofia akaiacha mezani.

Mama alikuwa sokoni na ndizi zake, lakini soko la Kisii siku kama ile lina watu mpaka barabarani, na mtu anaweza kumtafuta ndugu yake hadi jioni. Saa tisa ikapita. Tisa na nusu. Bwana Wekesa alitoa saa yake ya mfukoni akailinganisha na ya ukutani, ambayo ilikuwa mbele kwa dakika mbili. Kwa mtu yule, kuzikubali dakika mbili hizo lilikuwa jambo kubwa. Makori aliacha kuchonga. Kumi kasoro kumi. Nilianza kupanga vitu vyangu mezani, rula, muhuri, kidau, kwa mpangilio ambao ningependa mwingine avikute. Nililia kidogo, na sikujificha.

Walifika wakihema, zimebaki dakika nne. Mzee alikuwa amemshika mkewe kiwiko, na Mama alikuwa na utomvu wa ndizi mikononi. Hakunisalimu. Alichukua kalamu akachora mdomo, kifuniko, mkono. Hapo akasimama, akamtazama mumewe.

"Maliza," Mzee alimwambia. "Wote wanajua."

Akauzungushia waya, mara tatu. Bwana Wekesa alipiga sefu teke, akaitoa tiketi, akaiweka juu ya kitabu. Nusu mbili za muhuri zikakutana kama zilivyokatwa, kwa rula. Aligonga muhuri wa malipo kwa nguvu kiasi cha kumshtua mwenye duka la vitambaa. Barua aliitoa kwenye bahasha, akaipasua mara nne, na stempu akaibandua kwa uangalifu kwa matumizi mengine. Kisha akaamuru nirudishe kila tiketi iliyobaki kwa mwenyewe, na mkebe utupwe. Hayo nilitii yote isipokuwa la mkebe. Makori alihamishiwa mbali kabla mwezi haujaisha, na mimi sikuuliza.

Miaka ya sabini bahati nasibu ilinenepa. Droo zikaongezeka, tiketi zikapata rangi, na wale waliokuwa wakinong'ona wakaanza kuzibandika tiketi zao kwenye vioo vya magari. Nilitumwa Nairobi kwa mafunzo, na alasiri moja wakatutembeza kasino mpya iliyopewa kibali na serikali. Zilikuwepo mashine zenye mkono wa chuma, na watu wameketi bega kwa bega wakivuta, hakuna anayemtazama wa pembeni. Mwenyeji wetu aliniuliza kama nimewahi kuona watu wengi hivi wakicheza bila kuona haya. Nilisema hapana, na hamu ya kukaa ikaniisha.

Nilikuwa nikikumbuka Sabato moja, miezi miwili baada ya kesi ile, kazi iliponipeleka Nyamira. Nilipita kanisa lao mlango ukiwa wazi. Kabla ya siku hiyo Mzee Nyabuto alikuwa amesimama mbele ya waumini akasema yake mwenyewe, na Mama akasimama akasema yake, na kanisa likawapa adhabu ya benchi la mwisho. Wanaume hukaa kushoto pale, na wanawake kulia, lakini benchi la wenye adhabu ni moja tu. Kwa hiyo niliwakuta pamoja, kitabu kimoja cha nyimbo magotini mwao, Mzee akigeuza kurasa. Mama aliinua macho akaniona nimesimama mlangoni. Safari hii hakusema hanijui. Alimsogelea mumewe, akapiga ubao kwa kiganja, akanipa nafasi ya kukaa.